Kwa nini mtaa unaozika kwa saa chache hushindwa kuzibua mtaro

Mtu akifariki alfajiri Majengo au Mji wa Kale, hapa Mombasa, mara nyingi ikifika alasiri keshazikwa. Ndani ya saa hizo chache kaburi limechimbwa, sanda imekatwa, maiti ameoshwa, mikeka imetandikwa barazani, na sufuria kubwa za chai zimeazimwa nyumba ya tatu. Jeneza likitoka msikitini watu hupokezana mabegani, kila mmoja hatua zake chache, hakuna aliyesimama kando na orodha ya zamu. Wala hakuna kamati iliyoketi kugawa kazi.

Sasa utazame mtaa huohuo mwezi wa Aprili, masika yanapoanza. Mtaro umejaa mchanga na chupa za plastiki. Maji yanapanda kizingiti na kuingia sebuleni. Kila nyumba inajua tatizo liko wapi, sepetu zipo, vijana wapo maskani, na shughuli yenyewe ni ya nusu siku. Lakini mwaka unapita, na wa pili unapita, na mtaro ni uleule.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba watu siku hizi wamekuwa wabinafsi. Mimi jibu hilo limenishinda kulikubali, kwa sababu wabinafsi wenyewe ndio hao tuliowaona makaburini jana wakisukumana kutia udongo. Tabia haibadiliki kati ya Jumatatu na Jumanne. Kilichobadilika ni kazi yenyewe: jinsi ilivyokatwa, nani anaiona, nani anakula matunda yake, na nini kinampata anayeikwepa. Umoja ni nguvu, tumefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza. Lakini wahenga walewale walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hakuna aliyetueleza lini tuishike methali ya kwanza na lini ya pili.

Tuanze na nguvu yenyewe, maana imewahi kupimwa. Mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapanga watu wakavuta kamba huku nguvu zao zikisomwa kwenye kipimo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Wawili hawakuvuta mara mbili ya mmoja. Kila mtu alitoa kiasi cha asilimia 93 ya alichokitoa akiwa peke yake. Walipofika wanne kila mmoja alishuka hadi asilimia 77 hivi. Walipofika wanane kila mmoja alikuwa chini kidogo ya nusu, maana yake wanane wote pamoja walivuta kama wanne tu. Kikundi kilizidi kuwa na nguvu kadiri kilivyoongezeka, lakini kila mtu ndani yake alizidi kupungua.

Nguvu hiyo huvuja kwa njia mbili, na aghalabu watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni kutokwenda sawa: huyu anavuta wakati yule anapumua. Ya pili ni kutegea. Mwaka 1974 mtafiti Alan Ingham na wenzake, huko Marekani, walizitenganisha kwa hila. Walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele ya kamba, na nyuma yake wakasimamisha watu wa kujifanya wanavuta. Kwa kweli alikuwa anavuta peke yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kugongana naye. Hata hivyo nguvu zake zilishuka pale alipodhani ana wenzake. Kisha mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wakayaona mambo hayohayo kwa kupiga makofi na kupiga kelele: mtu katika kundi hupiga kelele kidogo kuliko akiwa peke yake. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa mtu akijua sauti yake itapimwa mbali na za wenzake, kutegea karibu kunatoweka.

Pwani maradhi haya yote mawili yamejulikana siku nyingi, na dawa zake pia. Ya kwanza hutibiwa kwa sauti. Wanaopandisha tanga la jahazi au kukivuta chombo pwani hawavuti kimya. Mmoja huita, wengine huitikia, na nguvu zote zinashuka kwa mkupuo mmoja. Harambee yenyewe ilikuwa mwito wa watu waliokuwa wakivuta vitu vizito kabla Jomo Kenyatta hajaifanya kauli ya taifa mwaka 1963. Maradhi ya pili hutibiwa kwa jicho. Serangi wa genge la bandarini zamani hakuwa mtu wa kutoa amri tu. Aliwajua watu wake kwa majina, na akajua mgongo wa nani umelowa jasho na wa nani umekauka.

Lakini kamba ni kazi nyepesi kuelezeka, kwa kuwa wote wanafanya kitu kimoja. Kazi nyingi haziko hivyo. Simama bandarini Kilindini meli ya makontena inapopakuliwa. Juu kabisa yuko dereva wa kreni. Ndani ya meli wako wanaofungua vyuma vilivyoyakaza makontena yasianguke baharini. Chini yuko karani anayehesabu na kuandika namba, na foleni ya matrekta yanayopeleka mizigo yadini, ambako winchi nyingine inangoja kuipokea na kuipanga. Trekta likichelewa, kreni inaning'iniza kontena hewani na kusubiri, na dereva wake, hata awe hodari vipi, hana la kufanya. Katika kazi ya namna hii jumla ya nguvu haina maana kubwa. Mwendo wa wote ni mwendo wa aliye nyuma kuliko wote. Ukileta kreni ya pili wakati matrekta hayatoshi, umenunua kitu cha kusimama bure.

Hapo ndipo wakubwa wengi wanapokosea. Wanamtuza aliye mbele na kumkemea aliye nyuma, ilhali aliye nyuma pengine amepewa barabara mbovu kuliko wenzake.

Mnyororo huo haukomei gatini. Bandari ya Mombasa mwaka 2024 ilihudumia zaidi ya makontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, na kila kontena la mizigo inayoingia nchini lina karatasi zake. Mamlaka ya Bandari wana lao, watu wa ushuru wana lao, wa viwango vya ubora wana lao, wa afya ya mimea wana lao; ongeza mawakala wa forodha, reli na wenye malori. Kila ofisi ikikuonyesha takwimu zake utaona imefanya vizuri, na bado kontena limelala. Siku zilikuwa zikipotea katikati ya ofisi, mahali ambapo si pa mtu. Mwaka 2014 taasisi hizo zilitia saini mkataba wa pamoja wa jumuiya ya bandari na Ushoroba wa Kaskazini, ile njia ya mizigo kutoka Mombasa hadi nchi jirani za bara, kila moja ikaandika itafanya nini na kwa muda gani. Mamlaka ya uratibu wa ushoroba huo, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Mombasa, hutoa taarifa za muda unaotumika katika kila hatua. Wenye malori wa Changamwe watakuambia mambo bado hayajanyooka, na wana haki. Lakini ukishaandika kwamba hatua fulani ina mwenyewe na ina saa zake, angalau anayechelewesha ana jina.

Turudi mtaroni, kwa sababu pale tatizo ni jingine kabisa. Hapana kazi ngumu ya kupangwa. Tatizo la mtaro ni hesabu. Mchumi Mancur Olson aliieleza mwaka 1965: kitu kikishakuwa cha wote, na asiyechangia hawezi kuzuiwa kukifaidi, kila mtu mwenye akili timamu ana sababu ya kungoja wenzake watangulie. Nikizibua mbele ya nyumba yangu, faida yangu ni ndogo, maana takataka za wa juu zitanifikia kesho. Nisipozibua na wenzangu wakazibua, nimepata mtaro safi bure. Kadiri watu wanavyokuwa wengi ndivyo mchango wa mmoja unavyoonekana si kitu, na ndivyo asiyekuwapo anavyokosa kuonekana. Ongeza hapo lile la kusema hii ni kazi ya kaunti. Maneno hayo ni kweli, na ndiyo yanayomlaza mtu kitandani Jumapili asubuhi.

Sasa kwa nini hesabu hiyohiyo haiharibu maziko? Ukiangalia sheria ya dini ungetarajia iharibu. Kuzika ni faradhi kifaya: wakiifanya baadhi, wengine imewaondokea. Mtegeaji angesema, basi watafanya hao. Lakini sheria hiyohiyo ina upande wa pili: isipofanywa na yeyote, dhambi ni ya wote. Juu ya hilo maiti hangoji. Kazi ina mwisho unaojulikana, leo kabla ya magharibi. Imekatwa vipande vidogo ambavyo kila mtu anaviweza, hatua kumi na jeneza, konzi tatu za udongo. Aliyekuja ameonekana na asiyekuja ameonekana zaidi, hasa na wenye msiba. Na kila aliyesimama pale anajua zamu yake nayo ipo. Mtaro hauna hata moja kati ya hayo: hauna siku, hauna kipande chako, hauna wa kukuona.

Kwa hiyo mitaa inayofanikiwa kusafisha haifanikiwi kwa hotuba za mshikamano. Inafanikiwa pale mtu mmoja anapotoa wazo kavu: kila nyumba, kutoka nguzo yake ya kushoto hadi ya kulia, Jumapili saa moja, wote kwa pamoja ili taka za juu zisimfikie wa chini aliyekwisha maliza. Mtaro wa wote umegeuzwa vipande vyenye wenyewe. Asubuhi hiyo kipande kilichobaki kichafu kinasema chenyewe.

Akina mama wa vyama wameyajua haya kuliko wengi wetu. Chukua chama cha watu 12, kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 12,000. Wa kwanza amepewa mkopo usio na riba. Wa mwisho amejiwekea akiba tu, tena kwa wasiwasi. Kishawishi cha kutoroka ni kikubwa kwa aliyekula mapema, na ndiyo maana mgeni huwekwa mkiani, zamu za mbele wakapewa wanaojulikana nyumbani kwao na kwa mama zao. Pesa hutolewa mbele ya kikao. Anayechelewa hulipa faini, ndogo lakini hapohapo. Siku hizi kikao kimehamia kwenye simu, na umeiona ile orodha ya michango ya harusi inayoandikwa upya kila mtu anapotuma: jina, kiasi, jina, kiasi, na chini kabisa namba zilizobaki wazi. Wengine wanaiona ni aibu ya mjini. Mimi naiona ni kifaa cha ustadi mkubwa, ingawa nakiri kwamba kinamuumiza asiye nacho kuliko kinavyomsukuma bahili.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba shida ni moja tu, watu kushindwa kushirikiana. Iko shida nyingine ambayo makala za kusifu umoja huiruka: watu wanaweza kushirikiana vizuri sana na matokeo yakawa mabaya. Mfano wake uko baharini. Juya ni wavu mrefu wenye macho madogo, unaozungushwa kwenye maji mafupi kisha kukokotwa kuelekea pwani na watu wengi wa pande mbili. Ukitafuta kazi ya pamoja yenye nidhamu, ndiyo hii. Wanavuta kwa hatua moja, wanajua lini wa kulia wapunguze na wa kushoto wakaze, mwishowe wanagawana. Na wavu huo unapita ukifagia majani ya bahari na kuzoa samaki wachanga ambao wangekuwa kitoweo mwaka ujao. Kenya ililipiga marufuku juya mwaka 2001. Marufuku peke yake haikulimaliza, kwa sababu wavutaji wengi ni vijana wasio na chombo wala nyavu zao, na hiyo ndiyo ajira waliyoipata. Genge limefanikiwa, bahari imeshindwa. Anayeuliza tu kama watu wanashirikiana hajamaliza kuuliza. Kuna na swali la kina nani wameachwa nje ya hesabu, na hapa walioachwa ni mvuvi wa dema, mvuvi wa mshipi, na mvuvi wa mwaka ujao.

Wataalamu walikuwa wameshakata tamaa na mali ya aina hii. Garrett Hardin aliandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote mwisho wake ni kuharibika, kwa kuwa kila mchungaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Dawa ikaonekana ni mbili, serikali ichukue au mali iuzwe kwa mtu binafsi. Elinor Ostrom akatumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba iko njia ya tatu, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alikusanya mifano ya wavuvi, wakulima wa mifereji na wenye misitu waliotunza mali yao kwa vizazi, akatafuta wanafanana wapi. Mipaka yao inajulikana, nani wa ndani na nani wa nje. Kanuni zimetungwa na wanaozitumia. Walinzi wanatoka miongoni mwao. Adhabu inaanza ndogo na kupanda. Na ukitokea ugomvi, pako mahali karibu pa kuumaliza bila gharama kubwa.

Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zilizounda vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU kama kila mvuvi anavyoviita, zinafuata mawazo ya aina hiyo. Wavuvi wa diko, yaani pale wanapoegesha vyombo na kushusha samaki, wanajiandikisha, wanachagua viongozi, wanatunga kanuni ndogo za eneo lao. Upande wa Nyali na Bamburi kuna pia Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Watafiti waliofuatilia uvuvi wa eneo hili kwa miaka mingi, akiwamo Tim McClanahan, waliona kwamba wavuvi walio karibu na sehemu iliyofungwa, na waliokwisha kuliondoa juya, walipata kipato kizuri kuliko madiko yaliyoendelea nalo. Ukikaa na wazee wa diko utasikia hadithi ndefu kuliko hiyo: nani alikubali na nani hakukubali, na uchaguzi upi wa BMU uliingiliwa na siasa za nchi kavu. Vikundi vingine viko hai, vingine ni jina na muhuri. Tofauti mara nyingi imo katika jambo moja, kama wanaokamata wanaweza kumkamata mtoto wa mwenyekiti.

Nimeuweka mgomo wa 1947 mwisho kwa sababu unazikusanya nguvu zote hizi mahali pamoja, na udhaifu wake pia. Tarehe 13 Januari mwaka huo Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini, wa reli, wa hoteli, hata wapishi na watumishi wa nyumbani. Fikiria hali ya kibarua wa bandarini wakati ule. Aliajiriwa kwa siku. Akisema leo hafanyi, kesho kuna mwingine getini. Mpishi wa nyumba ya Mzungu alikuwa mnyonge zaidi, maana alikuwa peke yake jikoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kugoma. Uwezo huo ulikuwapo tu ikiwa wote wangetoka siku moja, na kila mmoja angelazimika kuamini hivyo kabla hajawaona wenzake wametoka.

Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika kazi ya pamoja, imani ya kabla. Mikutano ya hadhara ilisaidia. Watu walikusanyika katika uwanja waliouita Kiembeni, wa bara na wa pwani, wakasikiliza na kusemezana, na kila aliyefika alijionea kwa macho kwamba hayuko peke yake. Mgomo ulidumu siku 12. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwashawishi warudi kazini kwa ahadi kwamba malalamiko yao yatasikilizwa. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likaamua mishahara iongezwe.

Ndani ya mgomo huo kilizaliwa chama kilichokuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa sauti yake. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilimkamata na kumhamishia Kabarnet, mbali kabisa na bahari. Shirikisho likadhoofika na kufifia. Maelfu ya watu walikuwa bado wapo, na njaa yao ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mtu wa pili na wa tatu wa kushika nafasi, daftari, ada, na ofisi ambayo ingefunguliwa asubuhi hata kama aliyekuwa na ufunguo yuko kizuizini.

Kilichofuata kina kejeli yake. Serikali na makampuni, kwa kuogopa mgomo mwingine, waliamua kupunguza vibarua wa siku na kuwa na wafanyakazi wa bandari walioandikishwa, watu walewale wiki baada ya wiki. Walitaka utulivu. Lakini watu walewale wakikutana wiki baada ya wiki wanajuana, wanakumbuka nani alitegea na nani alisimama, na wanaweza kukusanya ada. Katika miaka ya 1950 makuli wakawa na chama chao chenye viongozi wa kuchaguliwa. Walipogoma Machi 1955, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi kutoka Nairobi, alishuka Mombasa kusaidia mazungumzo, na nyongeza ya mishahara ikapatikana. Yeye alirudi Nairobi. Chama cha makuli kilibaki, na hadi leo ndicho kinachoketi na Mamlaka ya Bandari kujadiliana mikataba ya wafanyakazi.